Nusu Kifuniko kwa Ndoo Moja

4 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, fundi wa nguzo na nyaya,

Pokea salamu kabla sijaanza kulalamika. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaninung'unikia kila nikiinuka kwenye kigoda, na mimi nalinung'unikia vilevile, tunaishi hivyo. Mjomba wako mzima, mkewe mzima, duka lao la miwani linaendelea. Paka wa ghorofani amezaa tena, wanne, na hakuna anayeuliza baba ni nani. Anayeandika hapa ni jirani yetu fundi cherehani, maana mimi na kalamu hatujawahi kutambulishwa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno kama anavyonyoosha pindo za sketi.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba wako alikuja Jumapili ya juma lililopita. Alikaa kwenye kiti chako akaiangalia ile sufuria niliyoiunguza mwezi wa kwanza, akashusha pumzi, nikajua hotuba inakuja. Kwamba nimezeeka. Kwamba wewe umekwenda huko miezi sita na simu haishiki, nitakaa vyumba viwili peke yangu kama mlinzi wa ghala. Kwamba kwake kuna chumba ameshakipaka rangi, ananingoja. Nikamwambia mimi si kabati. Akanyoosha kidole kwenye tangi lako la samaki, akasema, "Haya Mama, tusigombane. Nitarudi mwezi wa tano, tarehe moja. Nikikuta nyumba iko sawa na hawa samaki wako sawa, jambo hili sitalisema tena. Nikikuta kinyume, unafungasha."

Mimi na mdomo wangu nikasema sawa. Nimepika jikoni hospitali miaka thelathini na mmoja, wagonjwa mia tatu kila siku, nishindwe na samaki wanne ambao hata kulalamika chumvi hawawezi?

Ila kuna kitu kidogo. Siku ile uliponieleza habari za dawa ya maji ya samaki, mimi nilikuwa nasema "ehe, ehe, nimeelewa", lakini macho yalikuwa kwenye maharage. Maharage hayakuungua. Maelezo ndiyo sikuyashika hata moja. Na hiyo chupa yako fundi cherehani ameigeuza mara nne, imeandikwa lugha ya nchi za watu, maandishi kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Mimi sisomi, yeye anasoma lakini hiyo hasomi, kwa hiyo tuko sawasawa na nimefurahi.

Basi nimefanya kwa akili yangu. Jumamosi nilitoa maji yote, nikasugua kioo mpaka kikalia, nikajaza ya bombani, nikatia dawa kwa jicho. Vifuniko vitatu, na kidogo juu yake cha mgeni asiyetarajiwa. Hivyo ndivyo nilivyotia chumvi miaka yote na hakuna mgonjwa aliyekufa kwa chumvi. Dawa yenyewe inanuka yai viza. Nikasema hii ni kali, itawafaa.

Na wameipenda. Tangu siku hiyo wote wanne wanakuja juu kabisa ya maji, wanafungua midomo, wananisalimia. Karani, Bi Harusi, Mlinzi, hata yule Shangazi mnene ambaye zamani alikuwa hainuki kwa mtu. Nami nawaitikia. Hatukuwahi kuwa karibu hivi.

Nijibu ukipata nafasi, wala si haraka.

Ni mimi bibi yako.


17 Machi

Bibi, shikamoo,

Barua yako imefika leo na lori la nguzo. Imekaa siku kumi na tatu njiani, nne kati ya hizo lori likiwa limekwama kwenye tope. Mimi mzima. Mzima kabisa. Kambi ni mahema kumi na mawili na choo kimoja, msimamizi wetu anatuhesabu asubuhi na jioni kama kuku. Nisalimie fundi cherehani, mwambie sketi aliyonishonea nimeichana kwenye misumari lakini wivu wa wenzangu iliupata kwanza.

Bibi, kaa chini ndipo usomewe. Hawakusalimii. Wanatafuta hewa.

Samaki hupumua ndani ya maji. Akija juu akipiga midomo hivyo, ujue huku chini hewa imemwishia. Dawa ile ni ya kuua klorini, kile kitu wanachotia kwenye maji ya bomba ili sisi tusiumwe tumbo. Sisi klorini hatuisikii, lakini samaki inamuunguza matamvua, yale mapazia mekundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya mashavu. Ndiyo maana lazima itiwe. Lakini ukiizidisha, nayo inakula hewa ya majini. Haina baraka ya kuzidi. Ni makosa yangu, nilikuona unaangalia maharage, na mimi nilikuwa na haraka ya safari, nikajifanya umesikia.

Fanya hivi, na fundi cherehani akusomee mara mbili.

Usitoe maji yote. Tangi ni ndoo nne kubwa, zile za lita ishirini. Kila Jumamosi toa ndoo moja tu, rudisha ndoo moja tu. Ndoo iwe ile ya bluu niliyoiacha nyuma ya mlango, ambayo haijawahi kuguswa na sabuni, na usiikopeshe kwa mtu wa kufua. Jaza maji ya bomba, yasiwe ya baridi kuliko ya tangini. Kisha tia dawa mle ndooni, nusu kifuniko. Nusu. Koroga, pumzika kidogo, halafu mimina polepole, siyo kama unaosha ukumbi. Osha mikono, chupa rudisha rafu ya juu, mbali na vyakula. Na pampu ya hewa, ile inayotoa mapovu, isizimwe kamwe.

Kipimo hicho ni cha chupa hiyo, nilikitoa kwenye karatasi yake niliyotafsiriwa dukani. Chupa nyingine ina kipimo kingine.

Niambie wako wangapi sasa hivi. Mimi mzima.

Mjukuu wako.


31 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu za hapa ni nzuri kuliko hali yenyewe. Goti lile lile. Mke wa mjomba wako alipita akaniletea sweta la pamba na bila kuuliza akapima upana wa kitanda changu kwa shubiri. Nimelivaa sweta. Kitanda sikumzungumzia.

Barua yako ilisomwa mara mbili kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Kumbe wiki mbili nzima viumbe wanakata roho mbele yangu, na mimi nimevuta kigoda nawaitikia "marahaba, marahaba". Nilimwita na muuza mkaa aje aone wanavyonipenda. Alisema kweli Mama una mkono wa baraka. Sasa nikimwona njiani nabadilisha upande.

Sikufichi, kuna zaidi. Wiki ile ya pili niliona salamu zimezidi, na hata adabu ina kiasi chake, nikasema hawa wanaumwa. Sasa kwangu mgonjwa hapewi maji ya bombani. Nikawachemshia. Sufuria mbili kubwa, nikayapoza siku nzima na kitambaa safi juu yake, nikayachuja kama ya mtoto mchanga, nikamimina, nikatia na dawa tena kwa jicho lile lile. Na ile pampu nilikuwa naizima. Inakoroma kama marehemu babu yako, nami kile kipindi cha maisha nilidhani nimekimaliza. Basi kilichotokea baadaye kilitokea.

Sasa naiacha ikorome. Ndoo ya bluu nimeichora msalaba kwa masizi na nimetangaza ghorofa zote kwamba atakayeigusa kwa sabuni atanijua. Jumamosi nimetia nusu kifuniko. Mkono ulitaka kuongeza, nikaupiga kofi kwa ule mwingine.

Samaki wanakusalimu.

(Mimi mwandishi, fundi cherehani. Hapo juu Bibi alitaka niandike maneno mengine nikamwambia kalamu ni yangu, uongo aandike mwenyewe. Tumebishana nusu saa. Ndipo akasema andika "wanakusalimu", hilo si uongo wala si kweli. Nimeandika.)

Sasa nikuulize na mimi. Mimi sisomi lakini macho ninayo. Barua zako za zamani herufi zilikuwa zimesimama wima kama nguzo zako. Hii iliyokuja, zimelala zote upande mmoja kama watu wametoka arusini. Na umesema "mzima" mara tatu. Mtu mzima husema mara moja akaendelea na mambo yake. Una nini?

Ni mimi bibi yako.


14 Aprili

Bibi, shikamoo,

Salamu kutoka kambini. Mvua imetukalia, tunacheza karata na wapishi. Herufi zimelala kwa sababu ya kalamu, wino wake mbovu, na meza ni sanduku la boliti. Usijisumbue.

Maji ya kuchemsha acha kabisa. Moto unafukuza hewa iliyomo majini, ndiyo maana yaliwazidishia shida. Yangepaswa kumiminwa toka ndoo hadi ndoo kwanza yarudiwe na hewa, na ungejuaje, hakuna aliyekuambia. Ungekuwa unamlea mtoto mchanga ningesema hujakosea kitu.

Bibi, niliuliza wako wangapi. Umenijibu wanakusalimu.

Nikueleze jambo. Unakumbuka wale sita wa kwanza kabisa, niliokuwa nao kabla ya hawa? Ulipouliza wako wapi nilikuambia nimewarudisha dukani wakakue. Sikuwarudisha. Niliosha tangi kwa sabuni ya unga, nikaridhika linavyong'aa, nikawatia. Asubuhi walikuwa sita juu ya maji. Niliwazika kwenye kopo la maua la fundi cherehani, lile alilosifu mwaka mzima kwamba limestawi ghafla. Kwa hiyo mimi ni sita. Wewe ni wangapi?

Mjomba ameandika kwamba tarehe moja anakuja bila kukosa. Sijamjibu chochote.

Mjukuu wako.


26 Aprili

Mke mwenzangu,

Salamu zitanisamehe leo ziwe fupi.

Wawili.

Karani alikwenda siku ya maji ya kuchemsha, jioni yake. Bi Harusi alijivuta siku tatu, nikawa namtikisia maji kwa mwiko ili apate pumzi, nikitikisa anafunguka, nikichoka anajikunja. Siku ya nne nilichoka kabla yake. Nimepika hospitali, nimeona watu wakiondoka nikaosha sufuria nikaendelea. Kwa huyu samaki nilikaa sakafuni na goti langu hilo, nikashindwa kuinuka, ikabidi nimwite fundi cherehani aje kuninyanyua. Ananiuliza unalia nini, namwambia goti.

Sikukuambia kwa sababu ukijua wewe nitakuwa nimekiri, na nikikiri huko nitakiri na kwa mjomba wako. Chumba changu hiki naweza kukitembea nimefumba macho. Najua bomba linaanza kutoa maji saa ngapi, najua nani anapiga hodi kwa kukohoa. Kule kwake kuna kila kitu na nitakaa kitini nikiulizwa kama nimekunywa chai.

Fundi cherehani ana mpango. Anasema tumsingizie paka wa ghorofani, ana watoto wanne wa kulisha, mtu yeyote ataamini. Mpango mwingine ni kusema walikuwa wawili tangu mwanzo. Mjomba wako duka la miwani analo, lakini kuangalia vitu haangalii. Barua hii itakufika tarehe moja imeshapita. Kwa hiyo sikuombi ushauri, nakueleza tu ninavyosema peke yangu hapa ndani.

Na habari ya kopo lake la maua fundi cherehani ameisikia mwenyewe akinisomea barua yako kwa sauti. Amelihamishia dirishani.

Ni mimi bibi yako.


3 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu kutoka kwa goti, kwangu, na kwa waliobaki.

Alikuja. Saa nne asubuhi, na siku yenyewe ilikuwa ya kubadilisha maji. Alikuja na futi ya kupimia, akaanza na kabati langu kuona kama litapita mlangoni kwake. Sijamaliza hata kumkaribisha. Fundi cherehani alikuwa amekaa pembeni anajifanya anatia uzi, kumbe ana hadithi ya paka mdomoni tayari tayari.

Mjomba wako akainama kwenye tangi. Akahesabu kwa kidole, maana wale wawili wanazunguka na yeye alitaka kuhakikisha hawahesabu mara mbili.

"Mama, mbona wawili?"

Fundi cherehani akakohoa, akasema, "Unajua huyu paka wa..."

Nikamwambia, "Nyamaza wewe. Si paka. Ni mimi."

Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nimelala na uongo wangu wiki nzima, nimeunyoosha, nimeukunja, halafu uongo wenyewe ulipofika mdomoni nikaona aibu kumtia paka mwenye watoto. Nikamweleza yote. Vifuniko vitatu na cha mgeni, maji ya kuchemsha, pampu, na salamu. Kwenye salamu alitaka kucheka akajizuia, uso ukawa mwekundu kama amemeza pilipili.

Halafu akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kuongea na wateja, "Unaona Mama? Hili ndilo ninalosema."

Nikamwambia, "Naona. Lakini leo ni siku ya maji, sogea."

Akasema atanisaidia ili tumalize tuongee. Akachukua ndoo ya bluu, akaijaza bombani, akaiinua moja kwa moja kwenda tangini.

"Weka chini."

"Mama, maji ni maji."

"Yana klorini. Inawaunguza matamvua. Dawa kwanza, humo ndooni."

Akaniangalia kama nimesema Kichina. Akaichukua chupa rafuni. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwenye duka la miwani hana miwani, anasema inamzeesha. Akasema, "Hapa wameandika mbili," akamimina vifuniko viwili, viwili kamili, kwenye bilauri, akawa anaelekeza mkono kwenye ndoo. Nikaukamata mkono. Mwanangu ana miaka hamsini na mbili na nilimkamata kama zamani alipokuwa anaiba sukari.

"Nusu," nikamwambia. "Ndoo moja, nusu kifuniko."

"Umejuaje? Wewe husomi."

"Nimeua wawili. Wewe hujaua hata mmoja, unajifanya daktari."

Fundi cherehani alitoka nje, nikamsikia anacheka kwenye ngazi.

Mjomba wako akarudisha dawa kwenye chupa, nyingine ikamwagika kwenye kiatu, akanuka yai viza siku nzima. Nikatia nusu. Nikakoroga. Nikangoja, naye akangoja, mikono mfukoni. Nikamimina polepole kwa kikombe. Mlinzi na Shangazi wakatulia chini wakaendelea na shughuli zao, hawakunisalimia hata kidogo. Nilifurahi mno.

Kisha akakaa kwenye kiti chako akaniambia habari ya mkono wako. Kwamba umevunjika tangu tarehe nane Machi, kwamba msimamizi wenu alipata mahali penye simu akampigia yeye, kwamba wewe ulimwomba asiniambie. Amekaa na siri hiyo karibu miezi miwili, kisha anakuja hapa kunipimia kabati. Kwa hiyo herufi zimelala kwa sababu unaandika kwa mkono wa kushoto, na wino haukuwa na kosa lolote. Wewe na mimi tusimsute mtu kwa uongo tena maisha yetu yote.

Nilimuuliza mjomba wako amekata shauri gani kuhusu mimi. Akasema, "Tutaongea." Akachukua futi yake akaenda. Kabati hakumaliza kulipima. Sijui maana yake nini, na hii ya kutojua inanichosha kuliko kuhama kwenyewe.

Huo mkono ulivunjikaje? Na useme kweli.

Ni mimi bibi yako.


15 Mei

Bibi, shikamoo,

Kweli ni hii, na nimechelewa kuisema kwa sababu inachekesha kila mtu isipokuwa mimi. Nimepanda nguzo za mita kumi na mbili tangu tufike, kwenye upepo, bila mchubuko. Mkono niliuvunja jikoni kambini, kwenye stuli, nikibadilisha balbu. Stuli yenyewe inanifika magotini. Mpishi alidhani nimelala.

Sikukuambia kwa sababu nilijua mjomba atasema sasa hata mwangalizi wa Bibi ameharibika, twende. Nilimwomba anyamaze, na nikushangaze, alinyamaza.

Mkono umefungwa plasta ngumu, vidole vinacheza. Wananirudisha nyumbani nipone. Lori linaondoka tarehe kumi Juni. Mjomba ameniandikia tena. Kuhusu wewe hakuandika neno. Ameuliza tangi la lita ngapi linatosha samaki watatu. Sijaelewa. Uliza.

Pole kwa Karani. Pole zaidi kwa Bi Harusi. Siku tatu na mwiko, Bibi. Mimi wale sita sikuwatikisia hata kidole.

Mjukuu wako.


29 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu, na plasta isilowe. Ukifika tutaongea habari ya stuli, nimeanza kuwaandaa watu wa ghorofani wasicheke mbele yako, wacheke kabla.

Uliniambia niulize. Sikuhitaji. Juzi Alhamisi mke wa mjomba wako alikuja mbio, amevaa viatu tofauti, akasema, "Mama njoo, wanapiga midomo." Nikajua ni nini kabla hajamaliza. Nikavaa sweta lake, tukaenda.

Kile chumba, mjukuu wangu. Kile alichonipakia rangi. Hakuna kitanda. Ukutani palipopaswa kuwa na kabati langu pana tangi la kioo, kubwa kuliko lako, lina taa, lina ngome ya plastiki, na samaki watatu wako juu ya maji wanasalimia dunia nzima. Na mjomba wako amesimama mbele yake ameshika chupa, na amevaa miwani.

"Nimetia nusu," akaniambia. "Nusu kifuniko kwa ndoo, kama ulivyosema."

Nikaitazama hiyo chupa. Rangi nyingine, kifuniko kikubwa mara mbili ya chetu. Zamani ningeshatia mkono wangu nikapima kwa jicho. Nikamwambia, "Hiyo si chupa yangu. Imeandikwaje? Nisomee."

Akasema kipimo anakijua. Nikasema nisomee. Hii imeandikwa lugha yetu, ikasomeka: matone manne kwa ndoo. Matone. Naye alikuwa ametia ndoo sita, kila ndoo na nusu yake ya lile lifuniko. Akasoma tena polepole, kisha akavua miwani akakaa kwenye ukingo wa dirisha.

Nilimwambia asiongeze dawa yoyote. Tukafungua pampu mpaka mwisho, tukatoa ndoo moja, tukatia ndoo yenye matone manne, yeye anahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama anapima macho ya mteja. Baada ya saa moja tukarudia. Nilikaa kwake siku mbili, kwa hiari yangu, nikalala sebuleni, nikiwatazama. Mmoja tulimpoteza. Wawili wameshuka chini. Mjomba wako hakulia lakini alizungukazunguka hicho chumba sana, na mimi nilimpikia.

Jana, tukiwa tunakula, akasema bila kuniangalia, "Mama, nimeua mmoja."

"Nimeona."

"Kwa hiyo mimi na wewe..."

"Hatuko sawa. Mimi ni wawili. Mtoto wa dada yako ni sita, amenizidi hata mimi."

Akacheka, wali ukampalia, mkewe akampiga mgongoni. Aliponyamaza akasema chumba kimejaa, kama ninavyoona, na hawezi kulihamisha tangi lenye maji. Nikasema naona. Akasema basi labda atakuwa anakuja kwangu Jumamosi, kunisaidia kubeba ndoo, kwa ajili ya goti. Nikasema aje, lakini mikono aoshe.

Leo asubuhi samaki waliamka wote wawili wakiwa chini, wanakula. Nikafunga sweta kiunoni, nikamwambia, haya, mimi nimemaliza, nirudishe kwangu. Akachukua funguo akanirudisha.

Ni mimi bibi yako.